Waliovaa Hirizi na Hawakurudi

Baba Adela,

Sina subira ya salamu ndefu. Vita vimekwisha, wenzako wamerudi, na mama yako hali chakula.

Sebastiani wa jirani amerudi mzima, na hirizi yake mkononi. Mama humtazama akipita, kisha huingia ndani. "Yeye alivaa, karudi. Wangu alikataa, nami nikamwacha aende." Asubuhi ni hayo, jioni ni hayo. Anajimaliza, mwalimu wangu, na mimi sina la kumjibu.

Wewe ungekuwa nalo. Ulipoitwa vitani akakuletea hirizi, ulimwuliza kwa upole, "Mama, waliovaa na hawakurudi, nani atatusimulia habari zao?" Nilikasirika, niliona unampelekea mzazi ubishi wa darasani. Ulikuwa mbishi, bwana! Hata shamba la maharage la kijiji ulitaka nusu itiwe samadi na nusu iachwe, tuone tofauti. Sisi akina mama tukaihurumia ile nusu yenye njaa, tukaitilia samadi kwa siri. Ulipogundua ulicheka mpaka ukakaa chini: "Jamani, sasa nitalinganisha na nini?" Kicheko hicho hunijia nikichota maji, nikalia mbele za watu.

Jumapili nilishindwa kukaa. Nilitembea hadi Nyakisasa kwa mjane mmoja ambaye wewe na mumewe mliondoka pamoja. Nikamwuliza kama mumewe alivaa hirizi. Akasema, "Alivaa, dada. Mbili." Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mbele ya mjane mwenzangu, kisha tukalia wote wawili.

Nilimpelekea mama habari hiyo mbio mbio. Aliomba uji. Nilidhani nami nitatulia, lakini wapi! Nakusikia ukisema mmoja hatoshi. Kuna mjane mwingine Nemba, na keshokutwa nitapanda lori nimfuate. Naogopa. Huenda wake alikataa kama wewe, na mama akianza tena kujilaumu nitamwambia nini?

Pumzika, mume wangu. Nimekukumbuka mno. Nakuahidi jambo moja tu: atakaloniambia yule mjane, zuri au baya, nitalibeba hadi nyumbani. Sitalitupa njiani.

Mimi,
Mama Adela