Aruna, usiniombe tena kuifungua simu ya Ramla

Birere, Goma,
Kivu ya Kaskazini,
Jumapili, tarehe 9 novembre 2025

Mpendwa mdogo wangu Aruna,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, na kwamba lile joto ulilokuwa ukililalamikia limepungua kidogo. Kifua chako je? Kile kikohozi cha Ramadhani kiliisha? Sisi huku tunashukuru Mungu. Mama miguu inamvimba ikifika jioni, lakini anakula, na bado anaswali akiwa amesimama. Watoto wako wote watatu wanasoma. Zuhura ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama bibi kizee, hata mwalimu wake anacheka.

Hali ya mji unaijua ilivyo tangu vita vya janvier. Benki zimefunga, ndege hazitui, kila mtu anatafuta njia yake. Kazi yangu ya simu haijafa. Watu hawana uwezo wa kununua mpya, basi wananiletea zile za zamani.

Utashangaa kupata karatasi badala ya kupigiwa. Barua hii nampa Munguakonkwa, yule dereva wa lori anayekuja kupakia mizigo kwako bandarini. Nimemwambia aiweke mkononi mwako mwenyewe. Siku hizi nikishika simu kusema jambo la nyumbani, ulimi unakuwa mzito. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Mwezi wa tisa ulinipigia, na maneno yako nayakumbuka yote. Ulisema: "Yaya Useni, simu ya Ramla imefanya mise à jour, root imepotea. Kuna programu niliweka ya kutunza picha za watoto, sasa haifanyi kazi. Nirudishie vile ilikuwa. Na usimuchoshe Ramla na maelezo mingi."

Sikukuuliza swali hata moja. Ni kazi yangu, na mimi ndimi Yaya, kaka yako mkubwa. Root naijua, ni ile ruhusa ya juu kabisa ndani ya Android. Mwenye nayo anaingia hata mahali ambapo waliotengeneza simu wamefunga. Na najua mise à jour, lile toleo jipya simu inalojiwekea yenyewe, inavyoifuta, kwa sababu inaleta faili jipya la kuwashia simu na kulifuta lile tulilokwisha kulichezea. Nilijiambia ni kazi ya saa mbili.

Nikaenda nyumbani kwako Keshero, kwa mkeo, kuichukua. Ramla alikuwa anafua. Akaifuta kwa kitenge chake, akanipa, akaniuliza ina ugonjwa gani. Nikamwambia betri inaanza kuvimba, nataka kuiangalia kabla haijapasuka. Akanishukuru, akanipa na chai. Uongo ule ni wangu, Aruna, sikusingizii wewe.

Kazi ilinichukua siku tatu. Siku ya kwanza nilichukua faili ambalo si lenyewe. Namba ya toleo ilitofautiana herufi moja tu ya mwisho, nami sikuiona. Simu ikabaki kwenye alama ya kampuni, inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nilitoka jasho. Ningeweza kufuta kila kitu na kuanza upya, lakini ulikuwa umeniambia kuna picha za watoto, sikutaka zipotee. Siku ya pili courant ya umeme ilikatika faili likiwa limebaki kidogo kumaliza kushuka, na mega zangu za intaneti zikaenda bure. Siku ya tatu nikapata faili la toleo lile lile hasa, nikalitengeneza, nikalirudisha kwa kebo kutoka kwenye ordinateri, kompyuta yangu ya kazi. Simu ikaamka. Root ipo, na hakuna kilichopotea. Nilimwita hata Julien, mwenzangu wa meza ya pili, aje aone kazi safi. Nilijisifu, mdogo wangu. Leo nikikumbuka nilivyokuwa nacheka pale mezani, naona aibu.

Muda uleule kidirisha kikatokea kwenye kioo. Programu inayojifanya huduma ya simu yenyewe, inayojiita "Service Système" ilikuwa inaomba ile ruhusa. Nikaitafuta kati ya programu nyingine, haina alama, haionekani popote. Nikadhani ndiyo hiyo yako ya picha, nikakubali. Haikupita nusu saa mega zote nilizokuwa nimeweka zikaisha. Hapo ndipo nikafungua kuangalia inatuma nini.

Hakukuwa na picha ya mtoto hata moja.

Nilikuta simu zote alizopiga na kupigiwa, ujumbe wote, na kila mahali alipopita, soko, msikiti, centre de santé anakotibiwa, kwa wazazi wake. Na nilikuta sauti zilizorekodiwa wakati hakuna aliyepiga simu, simu imelala tu juu ya meza ya jikoni na watu wanaongea. Zilikuwa nyingi, zimepangwa kwa tarehe, kuanzia siku ulipomletea ile simu mwaka jana mpaka siku ya mise à jour.

Nilifungua moja tu. Tarehe 11 juin mwaka jana. Nikasikia maji yanamiminwa, kisha sauti ya Ramla: "Munganga amesema mimba ingine itaniua. Nimechoma ile sindano ya kupumuzisha uzazi. Aruna nitamwambia mwenyewe akikuja, sitaki kumwambia kwa simu." Kisha sauti ya dada yetu Faida: "Nyamaza basi, usilie. Mimi sitasema. Hata Mama sitamwambia."

Nikaizima. Nilikaa pale mbele ya ile meza mpaka Julien akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Nataka uikumbuke ile wiki pamoja nami, kwa sababu mimi siwezi tena kuisahau. Siku mbili baada ya tarehe hiyo ulipiga simu kwa hasira, unasema mke wako amefunga uzazi bila idhini yako, na ukataja mpaka siku aliyochomwa sindano. Aliyemsindikiza Ramla ni Faida peke yake, na aliyejua ni Faida peke yake. Tukakusanyika kwa Mama. Mimi nilikalia kiti cha Papa, kwa kuwa ndimi mkubwa. Wewe ulikuwa kwenye haut-parleur, simu imewekwa katikati ya mkeka wote wakusikie.

Faida aliapa. Aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la Papa. Ramla, ambaye yeye na Faida walikuwa kama mapacha, alimgeuzia mgongo. Mimi nilimwambia dada yangu: "Sasa Aruna aliota?" Nikakuuliza wewe mbele ya watu wote: "Aruna, nani alikuambia?"

Ukajibu: "Munajua wenyewe."

Maneno mawili tu. Ulikuwa unasikia Faida analia. Ulinisikia nikimwambia mwanamke aliyeachwa na mume, aliyekuwa analala chumba kimoja na Mama kwa kuwa hana pengine, kwamba atoke kwenye parcelle, kiwanja chetu, kabla ya swala ya alasiri. Ungeweza kusema neno lolote. Ungeweza hata kudanganya, ukataja mtu ambaye hayupo. Ukakata simu. Faida akaenda na mfuko mmoja mpaka Vitshumbi, kukausha samaki kwa rafiki yake wa zamani.

Sasa nikuambie nilichofanya, ili usije ukakisikia kwa wengine.

Nilirudi Keshero na simu, nikamwambia Ramla kila kitu, pamoja na uongo wa betri. Aliomba kusikia ile sauti. Nikamsikilizisha. Hakulia. Aliichukua simu, akaibeba nje, akaiweka juu ya ukuta wa mawe, akarudi ndani na kufunga mlango. Ndipo akasema:

"Shemeki, ni nani aliirudishia huyo mutu masikio?"

"Ni mimi," nikasema. "Sikujua."

"Hukuuliza."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, lakini si kwa ajili yangu. Alikuwa anahesabu watu waliowahi kuingia jikoni kwake na kumweleza shida zao. Jirani aliyempoteza mtoto. Mama yetu, siku ile aliyosema juu yako mambo ambayo hajawahi kukuambia. Mama yake mwenyewe alipolala pale wiki nzima wakati wa vita vya janvier, wakiomba pamoja. Akasema: "Yote ile anayo?" Nikamwambia anayo. Akashika kichwa. "Na Faida," akasema. "Faida nilimugeuzia mugongo."

Tulikwenda Vitshumbi pamoja, watoto tukawaacha kwa Mama. Tulipita Kibati, tukapita Rutshuru, barrière moja ya askari baada ya nyingine. Tulimkuta Faida kwenye moshi, mikono imejaa magamba mpaka kwenye viwiko. Amekonda. Alipotuona alidhani Mama amekufa, akaangusha sinia.

Ramla alimwangukia shingoni. Walilia namna ambayo mwanaume hapaswi kusimama kutazama, nikageuka nikatazama ziwa. Halafu nikamweleza Faida juu ya simu, mise à jour, programu iliyofichwa, tarehe, sauti. Alisikiliza mpaka mwisho huku anasugua mikono kwa majivu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniumiza:

"Sasa Yaya, kama ile simu haingeharibika, ningekufa muongo?"

Akachota majivu mengine.

"Mimi niliapa mbele yenu, mukasema haitoshi," akasema. "Leo simu imesema, njo mumekuja."

Niliomba msamaha mbele ya wanawake wenzake wote wa samaki. Nilipiga magoti kwenye ule mchanga, mimi na ndevu zangu. Akasema: "Nimesikia." Nikamwambia arudi nyumbani, Mama anamwulizia. Akaniuliza: "Nyumbani kwa nani?" Kisha akamfungia Mama samaki sita kwenye jani, akamkabidhi Ramla. Hakunipa mimi.

Kwa hiyo Aruna, tarehe mosi uliponitumia ujumbe kwamba programu imekufa tena, na kwamba labda simu imefanya mise à jour nyingine, nirudishe root, ujue hakukuwa na mise à jour yoyote. Ni mimi. Tuliporudi kutoka Vitshumbi nilikaa na Ramla meza moja, nikaiondoa ile programu akiona, nikafuta simu yote mpaka chini, nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani, nikaifunga. Alisoma kila kidirisha kabla sijabonyeza. Hakutaka kuigusa tena. Munguakonkwa anayo ndani ya bahasha hii ya kahawia, ni yako, uliinunua wewe. Ramla amejipatia simu ndogo ya vitufe. Namba ameniagiza nisikupe.

Najua utakachosema. Utasema mume akiwa mbali anateseka, kichwa hakilali. Ninakuamini kwamba uliteseka. Lakini ulisikia yote, siku baada ya siku, na kati ya yote uliyosikia ulisikia daktari amesema mimba nyingine itamwua. Hilo ulilisikia kwa masikio uliyoyaiba, na bado ulichokiona ni kwamba hukuombwa idhini. Hukumuuliza hata mara moja kama anaumwa.

Na ulinitumia mimi. Mikono iliyokufundisha kushika tournevis ya kufungulia skrubu ulipokuwa mdogo ndiyo uliyoituma ikaibe nyumbani kwako. Hilo pia litachukua muda kutoka moyoni, sikufichi.

Ninachokutaka ni kimoja. Usipige, na usitume sauti. Panda lori na Munguakonkwa akirudi, uje ukae kwenye mkeka ule ule, mbele ya watu wale wale tuliokusanyika, useme kwa mdomo wako kwamba Faida hakusema kitu na kwamba wewe ulijua. Kisha utakwenda Vitshumbi wewe mwenyewe. Mimi nilikwishakwenda kwa dhambi yangu. Kwa yako sitakwenda. Kuhusu Ramla siwezi kukuahidi neno. Bado yuko Keshero na watoto, na kaka yake amekuja mara mbili kuongea naye mlango umefungwa.

Mama nimemwambia. Nilifikiri kumficha, nikaona tumefichana vya kutosha. Jioni akasema: "Muandikie kwamba na mimi nilimufukuza Faida." Nimekuandikia.

Zuhura na ndugu zake wanakusalimu sana na wanauliza utakuja lini. Julien anakusalimu, hajui lolote. Mama anakusalimu. Ramla hakunipa salamu, na Faida hakunipa.

Mungu akulinde njiani, akupe afya, na akupe aibu ya kutosha kukufikisha hapa.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata leo, kwa shida,

Useni