Kuku Amelalia Koti Lako

Baba Watoto,

Huku hatujambo. Mvua inanyesha na bati linavuja palepale ulipoahidi kuziba.

Kuku mwekundu anaatamia. Kabatini aliingia mwenyewe, ingawa mlango niliuacha wazi mimi, na koti lako la harusi nilimtandikia mimi. Kaka yako alikuja kulichukua, akasema unaoa tena, kwa hiyo nipishe chumba. Alipotia mkono akadonolewa.

"Shemeji, kuku huyu ana wazimu!"

"Hana wazimu, shemeji. Ana mayai."

Kuku anayeatamia hahamishwi, mayai yatakuwa viza. Vifaranga wakishatoka nitakutumia koti. Kulifua namwachia bibi harusi.

Ni mimi, Mama Watoto, nipo chumbani kwangu.