Shikamoo ya Getini

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko hospitalini kwenu na mashuka yenu ya kufua? Sisi wazima, goti langu tu lina ukorofi. Mwanao Kinanda anaongea kutwa mpaka kuku wanamkimbia.

Kaa chini nikupe habari. Mama yako ni mwenyekiti wa wazazi wa shule. Ndiyo, mimi niliyeishia darasa la nne. Walimu walikuwa wanaingia jua limeshapanda, watoto wanacheza na vumbi, wazazi wananung'unika majumbani. Nikawaambia wanawake wenzangu, bebeni vigoda na kazi zenu tukakae getini. Jirani yetu fundi cherehani akaja na mashati ya kutia vifungo, mimi na mchele wa kuchambua. Kila mwalimu aliyechelewa tukasimama wote kumwamkia: "Shikamoo, mwalimu." Vijana wa kuwazaa mimi hao. Mwalimu mkuu akaja kunibembeleza, "Mama, msiniamkie hivyo, mnanitia laana." Nikamwambia, "Wahi basi, utatukuta tumekaa kimya."

Nani mwingine angewaza hilo?

Mama yako, Mwenyekiti

Tarehe 26 Februari

Mama, shikamoo, na yangu hii ni ya kweli.

Nimecheka peke yangu chumba cha kufulia, wenzangu wakadhani nimerukwa na akili. Ila Kinanda ameniandikia ukurasa mzima wa maua, herufi hamna hata moja. Yuko darasa la tatu, Mama. Anasoma kweli? Ukitoka mikutanoni mkalishe chini kidogo. Na goti ulipake ile dawa.

Binti yako

Tarehe 14 Agosti

Mwanangu,

U hali gani? Dawa imefanya kazi, sasa natembea kama msichana.

Usinifundishe mjukuu wangu. Ana akili za kwetu, anakusimulia kitabu kizima kwa kutazama picha tu.

Shule imegeuka. Kengele ya saa moja na nusu ikilia, kila mwalimu yuko darasani. Sifa zimefika mbali, wenye magari nao wanaleta watoto wao, tumejaa pomoni. Mwalimu mkuu akaitisha mkutano: atakayeingia darasa la nne apimwe kusoma, akishindwa aende shule ya ng'ambo ya barabara kuu, ile isiyo na madirisha. Wazazi wakatazamana. Fundi cherehani, ambaye mwanawe ni mzito, akauliza, "Na wanaochelewa kushika?" Nikamjibu, "Wajifunge kibwebwe, shoga. Hatukukaa juani kwa ajili ya wavivu." Watu wakacheka. Nikanyoosha mkono wa kwanza, wengine wakafuata.

Mama yako, Mwenyekiti

Tarehe 2 Septemba

Mama, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili tu. Umenyoosha mkono bila kuniuliza? Kutazama picha si kusoma, na wewe unajua. Mimi mwenyewe nilirudia darasa la tatu, ukawaambia majirani nilikuwa naumwa. Rudi ukawaambie umebadili mawazo. Wewe watakusikiliza.

Binti yako

Tarehe 20 Desemba

Mama, shikamoo.

Natumaini mko wazima. Hujanijibu. Watoto wameshapimwa? Niandikie hata mstari mmoja. Kinanda naye haniletei tena maua yake.

Binti yako

Tarehe 22 Januari

Mwanangu,

Usinione kimya, goti limerudi.

Walimpa Kinanda karatasi yenye picha ya mbuzi na maneno chini yake. Akawasimulia habari za huyo mbuzi vizuri mpaka mwalimu akatabasamu. Kisha wakaifunika picha.

Mtoto wa fundi cherehani alipita. Tangu ule mkutano mama yake alikuwa anamsomesha kila jioni, miguu ikiwa kwenye cherehani.

Juzi nilimvalisha Kinanda sare, nikabeba kigoda, nikakaa getini. Nilikuwa nimewapitia wenzangu wote, kila mmoja na udhuru wake. Fundi cherehani akaja na mwanawe. Akaniuliza hali ya goti, vizuri tu, kisha akasema, "Ningekaa nawe, shoga, ila nimejifunga kibwebwe."

Mwalimu mkuu akatokea. Nikasimama, nikamwamkia kama zamani, kwa sauti, watu wasikie: "Shikamoo, mwalimu."

Akaitika, "Marahaba, mama." Akaingia, akamwambia mlinzi afunge geti, muda umefika.

Na ulikuwa umefika kweli. Kengele ililia palepale. Saa ile niliipigania mimi, mwanangu, muulize yeyote.

Kinanda akataka kujua kwa nini mwalimu amemwitikia bibi yake marahaba. Nikamwambia anyamaze. Amenyamaza mpaka leo.

Mama yako