Aliyenunua Haki na Aliyeuza Ahadi

Likasi, Jumamosi, Novemba 1993

Mvua inanyesha tangu asubuhi na bati la jikoni linavuja. Nina hasira, na sina hakika kama ni hasira ya haki.

Chuoni Lubumbashi tulifundishwa habari za mikataba ya hiari: unalipa kidogo leo ili uwe na haki, si wajibu, ya kununua au kuuza kitu baadaye kwa bei iliyokwisha kupangwa. Tulicheka. Tuliyaona ni mambo ya masoko ya Ulaya. Sasa mshahara wa ualimu hauji, noti zinapoteza thamani kabla hazijafika sokoni, na mtaa wetu mzima unafanya biashara hiyo bila kujua jina lake. Unampelekea mwenye mahindi kopo la chumvi, unafunga kitambaa chako kwenye mdomo wa gunia lake. Ukilitaka kabla ya Krismasi, unalichukua kwa bei mliyopatana, nayo hulipwa kwa chumvi. Usipolitaka, unafungua kitambaa chako, na kopo linabaki kwake.

Nyumbani kwetu tulikuwa na mikakati miwili.

Mimi niliamini kwamba bei haitatulia, ila sikujua itaelekea wapi. Kwa hiyo nililipia pande mbili. Kwa Baba Kabamba, mkulima wa njia ya Kambove, nilinunua haki ya kuchukua magunia manne. Kwa mchuuzi mmoja wa sokoni nilinunua haki ya kumuuzia manne kwa bei ileile. Bei ikipanda, ningekwenda kwa mkulima. Ikishuka, ningenunua rahisi popote na kumpelekea mchuuzi. Adui yangu alikuwa utulivu peke yake.

Mume wangu, ambaye kiwandani hawamwiti tena, aliamini kinyume. Yeye alipokea chumvi. Majirani wengine aliwaahidi mahindi iwapo bei itapanda sana. Wengine aliwaahidi kuyanunua yao iwapo itashuka sana. Kati ya mipaka hiyo miwili palikuwa na nafasi pana, na humo ndimo alimoiona faida yake. Kila wiki tulivu ilimpa sababu ya kunicheka.

"Mama Odile, weye unalipaka chumvi, minye nakulaka chumvi!"

Nilimshauri atoe sehemu ya chumvi hiyo ajinunulie kinga. Alikataa. Kinga hupunguza faida, alisema, na alisema kweli.

Wiki iliyopita magari ya mahindi yaliacha kufika. Bei ikapanda maradufu, kisha ikapanda tena. Alhamisi Mama Fifi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alisimama mlangoni pamoja na wenzake watatu, kila mmoja akidai gunia lake.

"Papa Odile, chumvi yetu ulikula. Sasa leta mihindi, ao utatupikia ile chumvi?"

Wanawake wale walicheka.  Ghalani mume wangu hakuwa na gunia hata moja.

Jana nikakodi mkokoteni.

Baba Kabamba alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Vitambaa vyangu vinne vilikuwa bado vimefungwa, hakuna aliyevigusa.

"Madame, sikatae. Neno ni neno. Lakini hii njo bukari, chakula ya batoto mpaka mavuno. Kamata chumvi yako yote, na minye nitaongeza."

Chumvi niliyoileta kumlipa, kwa bei ya jana, haikutosha kumpatia hata magunia mawili. Yeye alilijua hilo. Mimi nililijua vizuri zaidi.

Niliyachukua yote manne.

Mke wake alinisaidia kupakia.

Kwa hesabu ya vitabu, mkakati wangu umeushinda ule wa mume wangu. Lakini magunia yale manne ndiyo aliyowapa Mama Fifi na wenzake: faida yangu imeziba hasara yake, na ziada ndogo imeishia kwa mwenye mkokoteni. Nyumba yetu haikupata wala haikupoteza. Kilichohama ni njaa tu: imetoka mtaani kwetu, imekwenda njia ya Kambove.

Najaribu kumlaumu mume wangu kwa kuuza ahadi asiyoweza kuibeba. Sifiki mbali. Baba Kabamba naye aliuza ahadi kama yeye, tena yake aliibeba. Labda kosa lilikuwa langu, mimi niliyeelewa kila kipengele cha mkataba. Au labda hakuna kosa, maana watoto wa Mama Fifi nao wanakula. Sijui. Ninachoshuku ni kwamba huruma hii imenijia baada ya kupakia, wakati hainigharimu tena kitu.

Kesho kuna Misa. Baba Kabamba hutembea alfajiri yote kuja parokiani kwetu, huketi upande wa wanaume. Tutakapoambiwa tupeane amani, nitavuka njia ya katikati nimnyoshee mkono. Sitamlaumu akiuacha hewani.