Mchezaji wa Kumi na Tatu

Dada Nekesa,

Nakusalimu wewe na watoto. Mimi ni mzima, ila joto la Dubai linakausha hata mate.

Timu yetu ya taifa ya raga, ile ya wachezaji kumi na watatu, imefikia kwenye hoteli ninayolinda hapa Al Mankhool. Jana tumbo liliwalaza watu kadhaa, wakabaki kumi na wawili. Kocha akanikuta mlangoni, akanipima kwa macho.

"Wewe ni Mkenya?"

"Ndiyo, kocha."

"Umewahi kucheza raga?"

"Shuleni, miaka tisa iliyopita."

"Itatosha."

Madam, meneja wetu, alinipa ruhusa ya mchana mmoja. Wimbo wa taifa ulipopigwa nililia, na jamaa aliyesimama kando yangu akanishika bega. Kisha tukafungwa vibaya sana.

Kocha anasema nafasi yetu ya kusonga mbele ni finyu. Halafu akaniuliza kama kesho nina zamu. Nikamwambia sina. Ninayo, lakini Mganda mwenzangu atanishikia.

Mwambie Mama mwanawe ameichezea Kenya. Akiuliza matokeo, mpe chai kwanza.

Nawapenda nyote,
Simiyu