Usukani Ulionyamaza Kwenye Lami Mpya

Tarehe 14 Novemba, mwaka wa arobaini na mbili tangu niondoke kwetu

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, kwa sababu mwanangu siwezi kumwambia, na mke wangu, ambaye ndiye ningemwambia, ameacha kupanda gari langu.

Mimi ni dereva mstaafu. Kwa miaka ishirini na sita niliendesha basi la maktaba, lile linalopeleka vitabu kwenye mitaa isiyo na maktaba, na katika miaka hiyo yote sikukwaruza hata kioo cha pembeni, tena vitabu vingi vya humo nilivisoma mwenyewe nikisubiri wasomaji, kwa hiyo usinidhanie mtu anayeogopa kila kipya. Nilifika nchi hii nikiwa na miaka ishirini na tisa, begi moja, na leseni ambayo hapa hawakuitambua, nikafanya mtihani upya. Sasa nina sabini na moja. Mke wangu bado anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, zamu yake huanza saa kumi na moja alfajiri, na mimi ndiye humpeleka, maana mtu anayeshinda akikunja mashuka ya wagonjwa hastahili kusimama kituoni gizani.

Miezi minane iliyopita mkwe wangu aliliondoa gari letu la zamani, tulilolizoea kama kiatu, akatuletea jipya. Gari hili lina maoni. Ukiukaribia mstari, usukani unatetemeka na kukurudisha katikati, ukilisogelea gari la mbele linapiga kengele, ukichelewa breki linakukanyagia, na taa zinajiwasha na kujipunguza bila kumuuliza mtu. Siku ya kwanza mke wangu alizisikiliza zile kengele zote, akasema, "Mkwe wetu katuletea gari au katuletea mama yake?" Tulicheka mpaka langoni mwa hospitali.

Kicheko kimekatwa na taa za wenzangu. Sijui wewe huendesha saa ngapi, lakini magari ya siku hizi yamefungwa taa nyeupe kama za chumba cha upasuaji, na mengi ni marefu, taa zake ziko sawa na macho yangu, yakija mbele naona weupe mtupu na kwa sekunde tatu au nne barabara haipo. Taa za njano za zamani zilikwambia mtu anakuja, hizi zinakufuta. Nimewamulikia wapunguze, wakanimulikia na wao, kumbe walikuwa wameshapunguza, ndivyo zilivyo. Hata nikishafika nyumbani macho yamechoka kiasi kwamba balbu ya jikoni naiona imevaa duara la rangi, na gazeti lenu nalisomea dirishani.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Niligundua kwamba nikipofushwa naweza kuusogeza usukani taratibu kuelekea ukingoni mpaka utetemeke, nikajua mstari uko hapo, nikarudi kidogo, kama mtu anayepapasa ukuta kwenda chooni taa zikiwa zimekatika. Mchana nalitukana gari, alfajiri nalitegemea. Kwa miezi mitano nimempeleka mke wangu kazini kwa kupapasa, naye ameketi pembeni ananisimulia ndoto alizoota, hajui lolote.

Jumatatu iliyopita, karibu na daraja, walikuwa wamemwaga lami mpya na mistari hawajachora. Lori likaja. Nikasogea ukingoni kutafuta mtetemo, kimya; nikasema moyoni kumbe bado niko katikati, nikasogea tena, kimya, na nilipomsikia mke wangu akipiga kelele, "Mzee, mtu!" nilikuwa nimeshaangusha koni tatu, gari likajikanyagia breki lenyewe, na hatua moja mbele ya boneti alikuwa amesimama mwanamke wa kazi za barabara ameshika kibao cha kusimamisha magari.

Hakunitukana. Alikuja dirishani akauliza, "Baba, hukuniona?"

Nikamwambia, "Taa za lile lori, binti yangu."

Akainama zaidi akamtazama mke wangu. "Na wewe, mama?"

"Nilikuona tangu kwenye kona," mke wangu akasema.

Nikamfikisha hospitalini. Aliposhuka alifunga mlango polepole, akainama. "Kesho napanda basi."

Leo ni siku ya nne anapanda basi. Nami nimefikiri sana na jibu ninalo, nataka tu unithibitishie. Turudi kwetu. Huko barabara kutoka kituo cha mafuta mpaka shuleni naijua kwa mwili, kila bonde na kila mti, naweza kuiendesha nimefumba macho. Nilipomwambia mke wangu alikuwa anafunga kamba za viatu, akanijibu bila kuinua kichwa, "Nenda. Mimi nina zamu." Je, nimrudishie mkwe gari lake tuondoke, au nimwache mama wa watu aendelee na basi mpaka hasira zipoe?

Dereva wa Vitabu

*

Dereva wa Vitabu, shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu u rika la baba yangu. Sasa niruhusu nikugombeze.

Kwanza haki yako uipate. Taa hizo ni kali kupita kiasi, wala si uzee wako unaosema. Madereva wa miaka ishirini na tano wananiandikia hayo hayo. Kumfungia mtu taa zinazompiga mwenzake machoni ni ufidhuli, hata kama umefanywa kiwandani. Na gari linalomnyang'anya usukani mtu aliyeendesha basi miaka ishirini na sita lazima limkere. Lalamika. Waandikie wa barabara pia kuhusu lami isiyo na mistari, jina langu liweke chini ya lako.

Lakini baba, balbu ya jikoni haikujii kwa kasi. Haina dereva mkorofi. Kama nayo inakuvalia maduara, na gazeti unalipeleka dirishani, tatizo halikuja na lori. Tazama siku ile ya darajani: lori lile lile, kioo kile kile, watu wawili mmekaa bega kwa bega, mmoja kamwona yule dada tangu kwenye kona na mwingine hakumwona mpaka koni zilipoanguka. Mimi si daktari, ila kuhesabu najua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulikaribia kuumbuliwa na kifo cha mtu aliyekwenda kazini kwake na kibao mkononi.

Halafu hiyo miezi mitano. Unasema mkeo ana hasira zitakazopoa. Hana hasira, ana akili. Alikuwa anakusimulia ndoto zake akidhani ameketi kando ya dereva. Basi lina mtu anayeiona barabara, ndiyo maana analipanda.

Kuhusu kurudi. Umeniandikia, kwa mkono wako, kwamba barabara ya kwenu unaweza kuiendesha umefumba macho. Baba yangu, ndivyo ulivyokuwa unaiendesha na hii! Kwa miaka arobaini na miwili watoto wamezaliwa kando ya barabara hiyo, na wanavuka. Na taa nyeupe hazihitaji viza, zimeshafika huko. Kama unaipenda nchi yako, irudie kwa mapenzi. Usiifanye maficho ya kumkimbia daktari wa macho.

Fanya hivi. Leo mkeo akirudi, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, na ile ya kupapasa usiipunguze. Funguo mkabidhi yeye. Usiendeshe alfajiri wala adhuhuri mpaka daktari wa macho akuruhusu kwa maandishi, na kwake uende wiki hii, si mwezi ujao. Mwanao asikie kutoka kinywani mwako. Kisha fungua kile kitabu cha maelezo kilicholala kwenye droo ya gari, maana umesoma nusu ya basi la maktaba na hicho hujakigusa. Kingekwambia kwamba mahali pasipo na mstari, usukani huo hauna la kusema. Na alfajiri vaa koti, msindikize mkeo kituoni kwa miguu. Gizani anahitaji mtu wa pembeni. Dereva anaye.

*

Tarehe 6 Desemba

Mshauri, nimepimwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari aliuliza nimekuwa nikiendesha gari katika hali hii kwa muda gani, nikamwambia kweli, akaweka kalamu chini. Jicho la kwanza litapasuliwa Jumanne. Hakuniahidi kwamba nitaendesha tena alfajiri, nami sikumbembeleza.

Mwanangu alilia kwenye simu, akanigombeza kwa heshima zote, akalia tena. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, na kwa siku mbili akaenda kituoni peke yake. Siku ya tatu, saa kumi alfajiri, alisimama mlangoni na mkoba wake begani. "Mzee, koti liko wapi? Tunachelewa." Tangu hapo twaenda kituoni pamoja, yeye upande wa barabara, ananiambia panapo shimo.

Nimeifikiria ile barabara ya kwetu bila kuipamba. Wengi niliowajua kandokando yake wamekufa, na nilichokuwa nakitaka huko ni macho ya miaka ishirini na tisa. Nilikuuliza kama nirudi. Sitarudi.