Simu Ilijua Kabla ya Dada Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Sare za shule tena. Pindo, zipu, pindo. Hapa Kianda, Kibera, vumbi tupu, na mguu haujatoka kwa cherehani tangu asubuhi. Nikioga nimekigusa tena. Kivimbe, titi la kushoto. Bado kiko. Nimeuliza simu maana yake. Mtu sijamwambia.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua simu nione mitindo ya kola. Badala yake, dawa ya uvimbe. Chini yake, maji ya maombi. Chini zaidi, wigi za wagonjwa. Wigi! Nani amewaambia? Niliuliza nikiwa peke yangu, mlango umefungwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegusa tangazo la dawa. Mara moja tu. Meseji zikafunguka zenyewe, na mwanamke akaniita "mama" kabla sijaandika kitu. Ana maneno matamu. Hospitali watakata titi, anasema, lakini mizizi yake itayeyusha uvimbe polepole. Nataka kumwamini. Hilo ndilo linaniudhi.

Vitenge havionekani tena kwa simu yangu. Nikitazama tangazo la dawa kidogo tu, mengine yanafuata. Kuna mtu mahali anakula kupitia uoga wangu.

Jumapili, 9 Machi

Nilienda Kawangware, mtaa wa Congo, kwa Rose, dada yangu mkubwa. Wamama wa kwaya walikuwa wamejaa kwake. Rose akachukua simu yangu awachezee wimbo wa Pasaka. Kabla ya wimbo, tangazo. Sauti juu kabisa: "Uvimbe kwa titi? Usikubali kisu!"

Wamama wakacheka. Likaja la pili, dawa ileile. Rose hakucheka. Akanivuta nje, penye kamba za nguo.

"Phanice, hii ni yako?"

Nikamwambia simu huleta vitu ovyo.

"Yangu inaniletea sufuria, na ni sufuria nimekuwa nikitafuta. Usinibebe ujinga."

Nililia. Nilimchukia kwa kujua. Simu niliichukia zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Rose alifika kabla sijafungua kibanda. Hakuuliza kama nataka, akanipeleka hospitali. Huko wametoa kipande cha kivimbe kwa sindano, wakapime. Tukiwa kwa foleni, mwanamke wa dawa akaandika: "Mama, umeamua aje? Usichelewe." Rose akambloki. Mwanamke akarudi na namba nyingine.

Majibu bado. Kushona kumenishinda. Shati moja nimelikata mikono yote ya kushoto.

Alhamisi, 20 Machi

Ni saratani. Bado ndogo, daktari amesema, na haijasambaa. Upasuaji wiki ijayo. Amesema vizuri tulikuja sasa. Rose alishika mkono wangu mpaka ukaniuma. Sikuutoa.

Jioni tumerudi kwake. Ameweka mboga ya mrenda mbele yangu, akaniambia nichambue vizuri, nisijifanye mgeni. Nikachambua. Nje mvua ilikuwa imeanza. Tukapika, tukala.